Besi Kali

Ilula,
9 Februari 2024

Dada Esther,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Asukile na binti yetu Happy. Sisi hatujambo. Mama yetu Mayu bado yuko Ubaruku kwa kaka Mathew. Mguu umepona, na sasa anachunga ng'ombe kwa mdomo akiwa amekaa kwenye kiti, wachungaji wanakoma. Tekla anakusalimu wifi yake. Nyanya mwaka huu zimekubali, ila bei ndiyo hiyo ya kubembelezana na abiria dirishani.

Utashangaa kuletewa barua kama enzi zile za shule. Dada, sina njia nyingine. Namba yako haipatikani tangu Krismasi, na shemeji nikimpigia anasema "nitamwambia", halafu anakata. Bahati nzuri Juliana, mama wa huko kwenu Uyole anayekuja hapa kununua nyanya, kaniambia ni jirani yako na atakupa mkononi. Kama umebadilisha laini ungesema tu. Sikuombi vocha kila siku!

Pole tena kwa msiba wa Abrahamu. Habari zilinifikia mmeshazika, na mpaka leo roho inaniuma kwamba sikusimama na shemeji kumzika mdogo wake. Mtu mzima wa afya, anapiga besi kanisani, ghafla hayupo. Hata sijui aliugua nini.

Sasa jambo langu. Kwaya yetu haina besi. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Dastan, na Dastan kahamia Dodoma nayo. Sasa tuna kinanda, tuna ngoma, tuna gita la solo, na katikati pamekaa shimo. Tamasha la kwaya ni mwezi wa sita na mimi ndiye mpiga besi nisiye na besi. Nimezunguka Iringa mjini kote. Dukani kuna gita la besi moja jipya linang'aa, ukilipiga linalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Bendi moja ya baa walinionyesha la kwao, zuri, kumbe kichwa kilishavunjika kikaunganishwa kwa gundi ya mbao. La tatu lilikuwa besi kwelikweli, ila mwenyewe alitaka bei ya dume la kaka Mathew, na dume lenyewe si langu.

Huko Mbeya vitu vinaingia kutoka Tunduma, na wanamuziki wanauziana. Niangalizie lililotumika, bora na la bei nafuu. Lina nyuzi nne tu, nene, usije ukaniletea la nyuzi sita. Lishike kama unalenga bunduki, utazame shingo kama imenyooka. Zungusha vitufe vya sauti usikie kama vinakwaruza. Tikisa pale waya unapochomekwa, pasilegee. Rangi sijali, hata likiwa la pinki.

Nasubiri jibu kwa Juliana.

Mdogo wako asiye na besi,
Kashindye Nkuba


Uyole,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Kashindye,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ilikuja chini ya nyanya kwenye ndoo, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nashukuru kusikia Mayu anatembea. Happy yuko kidato cha sita, anajiandaa na mtihani wa mwisho. Ameanza kujifunza gita, anaimba sauti ya kwanza, na anajibu watu kama wewe ulivyokuwa.

Mambo ya simu usiniulize. Usipige tena, wala kwa shemeji yako. Andika kwa njia ya Juliana, na juu ya bahasha weka "Mama Happy", basi. Jina la baba usiliandike.

Gita lipo. Sikulitafuta mbali, liko hapa nyumbani juu ya kabati, limefungwa kwenye kitenge. Ni lile la Abrahamu. Wenyewe, wazee wa kina Asukile, wanataka liondoke, liende mbali ambako hawatalisikia, na bei wanayoitaka ni ya kuona haya tu. Nimewaambia kuna kwaya huko Iringa inatafuta. Sikusema ni wewe.

Siku Asukile alipoenda Tukuyu nilipanda kiti nikalifungua. Shingo imenyooka. Vitufe havikwaruzi. Nyuzi ni nne. Ni la rangi ya kahawa, limechakaa pale mkono wake ulipokuwa unakaa. Lakini ni kali, Kashindye. Nakuandikia ujue hivyo, ni kali. Fikiria kwanza kabla hujanijibu.

Msalimie wifi Tekla.

Dada yako


Ilula,
24 Machi 2024

Dada,

Shikamoo tena. Huku wazima, mvua tu inatutesa, nyanya zinaoza shambani. Kaka Mathew anasema Usangu maji yamefika mpaka kwenye zizi.

Kali! Nimecheka mpaka Tekla kaja kuniuliza nina nini. Tangu lini na wewe unaongea kama vijana wa Mwanjelwa? Basi kama dada yangu mwenyewe kasema gita kali, mimi nifikirie nini tena? Nimekuwa nikiwasikia vijana wa kwaya wakisema "ngoma kali", "sauti kali", sasa na Mama Happy yumo. Nalitaka. Hela Juliana anayo, imefungwa kwenye leso, wape wenyewe na uniombee heri.

Nina maswali mawili, usinipige chenga. La kwanza, kwa nini jina la baba lisiandikwe? Mzee Nkuba kawakosea nini watu wa Uyole, na amelala kaburini miaka yote hii? La pili ni la Tekla. Yeye ni Mhehe wa kanisani, haogopi vitu, lakini kaniuliza mara mbili: huyo marehemu alikufaje, na mbona ndugu zake wanakitoa kitu chake kwa bei ya kutupa? Nikamwambia aliugua ghafla. Akasema ghafla si ugonjwa. Niambie nimjibu nini.

Mpiga besi mtarajiwa,
Kashindye


Uyole,
14 Aprili 2024

Kashindye,

Marahaba. Sisi tupo.

Gita linakuja na Juliana, amelilaza juu ya matenga matupu na kulifunika na turubai. Likifika mwombe mchungaji wenu aliombee kabla hujalivaa. Najua utacheka, lakini nifanyie mimi dada yako.

Amplifaya yake haiji. Wazee wamesema hiyo haina neno, ibaki kanisani. Kinachotoka ni gita, na likitoka lisirudi hata likiharibika. Ukishindwa nalo, litupe huko huko.

Nimesema ni kali na sikuwa natania. Maswali yako nimeyasoma.

Mama Happy


Ilula,
30 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Leo naandika kwa raha, vumilia. Kwanza, Tekla ni mjamzito, anatarajia mwezi wa kumi na moja. Mayu ameshapeleka salamu kwa ng'ombe wote. Pili, kwenye tamasha tumeshika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa wenyeji, basi nisiseme mengi.

Na hilo gita! Mchungaji aliliombea, nilitii. Tangu siku ile nalipiga kila Jumapili, na sijawahi kushika chombo kama hiki. Lina sauti nzito iliyotulia, inakaa chini ya waimbaji inawabeba. Abrahamu alikuwa na sikio, Mungu amrehemu. Hakuna lolote baya lililonipata. Ulinitisha bure.

Lakini kuna kitu. Wiki iliyopita nilitoa nyuzi nibadilishe. Ule uzi mnene kabisa una alama nyeusi mahali pamoja, umeungua. Pale waya unapochomekwa, bati lake nalo lina weusi kwa ndani. Nikalipeleka Iringa mjini kwa Liberatus, fundi wa redio aliyesoma na mimi. Kaligeuza, kaliangalia sana, kisha kaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia amefariki. Akanirudishia gita. Nilipombana akasema hivi: "Gita halina umeme wake, Kashindye. Ni ubao na nyuzi. Kama umeme ulipita hapa, ulitoka kule lilikochomekwa. Waulize wenyewe."

Basi nakuuliza. Sasa si Tekla tena, ni mimi. Abrahamu alikufaje?

Kashindye


Uyole,
3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeniandikia Julai, Agosti na Septemba, na barua zote nimezisoma na kuzichoma jikoni. Usidhani nilikupuuza. Wifi yangu yuko karibu sasa, mwambie asinyanyue ndoo. Huku mvua zimeanza kunukia.

Nitakuambia, kwa sababu mwaka wake unatimia mwezi huu na nimechoka kulibeba peke yangu.

Ilikuwa Jumapili. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na radi zilikuwa zinapiga upande wa mlimani. Kwaya ilisimama kuimba wakati wa sadaka. Abrahamu alikuwa anapiga huku anacheka, ulimjua. Amplifaya ilikuwa imetengenezwa wiki ile ile, hata waya wake wa ukutani ulikuwa mpya, sauti imejaa kanisa zima. Ukafika ule mstari anaoitikia yeye peke yake. Akasogeza mdomo kwenye maiki. Radi ikapiga nje, kubwa, na yeye akapiga kelele neno moja tu: "Kali!"

Kashindye, tulidhani anasifia wimbo. Vijana si ndivyo wanavyosema? Tukapiga vigelegele. Mimi ndiye nilianza, na kina mama wakapokea. Alipoanguka wengine wakadhani Roho amemshukia, tukaendelea. Mpaka kinanda kiliponyamaza ndipo tukaona macho yake.

Ndiyo maana nilikuandikia kwamba ni kali. Lilikuwa neno lake, sikuwa na lingine. Na wewe ukacheka.

Baada ya maziko wazee wa upande wa shemeji yako walikaa sebuleni. Mzee Amos, baba yake mdogo Asukile, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mke wetu, hili jina la baba yako, Nkuba, kwenu Usukumani maana yake nini?" Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikajibu bila kufikiri, "Ni radi, baba." Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe.

Hawakunitukana wala kunipiga. Ilipofika Krismasi Asukile alichukua laini yangu akasema ndugu zangu wapumzike kidogo. Simu ya Happy nayo anaikagua. Hakuna anayesema neno mbele yangu, ila mvua ikianza kunguruma wananitazama. Ndiyo sababu ya bahasha. Ndiyo sababu usije hapa, hata uitwe.

Sasa habari nzuri, maana nazo zipo. Wazee waliamua vyombo vya kanisani vinyamaze mwaka mzima kwa heshima ya marehemu. Mwaka unaisha Jumapili ya tarehe 24. Wamenunua gita jipya lisilo na mkosi, na Happy ndiye atakayepiga na kuimba mahali pa baba yake mdogo. Amplifaya ni ile ile, imekaa stoo imefunikwa shuka tangu siku ile. Nadhani wimbo huu utamaliza mambo na watanirudishia simu yangu. Mtoto ana furaha mno, anafanya mazoezi na mwiko wa jikoni.

Tuombee.

Mama Happy


Tosamaganga,
16 Novemba 2024

Dada Esther,

Leo sitauliza habari. Barua yako ya tarehe 3 nimeipata jana, Juliana alichelewa kushuka huku. Naandika nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Tekla amelazwa, mtoto amegeuka vibaya na wanamsubiri, siwezi kumwacha hata saa moja. Vinginevyo ningekuwa nimeshapanda basi.

Gita halina kosa. Nimelipiga tangu Aprili, hata kunitekenya halijanitekenya. Umeme uliomuua Abrahamu ulitoka kwenye amplifaya. Ule waya mpya wa ukutani, aliyeufunga alikosea, akaupeleka umeme kwenye bati la amplifaya. Kutoka kwenye bati ukafuata waya wa gita, ukakaa kwenye nyuzi ukimsubiri. Mikono yake ilikuwa kwenye nyuzi, mdomo ulipogusa maiki ukapata pa kutokea. Hiyo radi ya nje ilipiga tu wakati huo huo. Nimempigia Liberatus nikamsomea maneno yako, akaniambia nisimalize hata kusoma, nikuandikie.

Mmetoa kitu kisicho na kosa, mkabaki na kile kilichoua, na sasa mnamkabidhi Happy.

Asiguse! Gita liwe jipya, liwe limeombewa na maaskofu wote, ni sawasawa. Nenda kanisani mwenyewe uchomoe ule waya. Mwite fundi yeyote wa umeme mwenye testa, aiguse ile amplifaya kwenye bati, taa ya testa itamwambia.

Shemeji nimempigia. Aliposikia sauti yangu akakata, na sasa namba yangu haiingii kwake kabisa. Namba ya Happy sina. Juliana simu imezimwa, wanasema kapitiliza kijijini kwao kwenye msiba. Barua hii nampa kondakta wa basi linalopita Uyole, na nimemwomba kwa machozi.

Najua ulichosema kuhusu jina. Nimekaa na kalamu nikiwaza: nikiwaonya mimi, Nkuba, watauliza nimejuaje. Lakini nisipowaonya nitamzika mtoto wako, na hilo nalijua pia. Naogopa, dada. Sijawahi kuogopa hivi.

Kashindye


Uyole,
23 Novemba 2024

Kashindye,

Tekla na mtoto wawe salama. Sijui habari zao na ninawawaza.

Ungeutazama mkono wako wakati unaandika bahasha. Uliandika "Esther Nkuba, Uyole". Kondakta akashuka stendi akauliza kwa sauti nani anamjua Esther Nkuba. Wakamwitia Asukile.

Aliisoma yote mbele ya wazee, taratibu, bila hasira. Walijua hapo hapo gita liko kwako. Mzee Amos akamwomba arudie pale ulipomtaja Happy. Akarudia. Mzee akasema, "Sasa ametutajia na mtu anayefuata." Nikawaambia waite fundi, ni jambo la kupima tu. Wakasema fundi wa kupima maneno ya Nkuba hajazaliwa, na kwamba tukiahirisha wimbo tutakuwa tumemwogopa mtu wa Ilula anayekaa na gita la marehemu. Mchungaji alisema tuombe.

Jana nilienda kanisani na kisu cha mboga nikaukata waya. Asukile hakunigombeza. Alienda Mwanjelwa akanunua mwingine, akakaa kwenye ngazi ya madhabahu akaufunga kwa mkono wake, vile vile alivyoufunga ule wa kwanza.

Ndiyo, Kashindye. Ule wa kwanza aliufunga yeye. Nilikuwa namshikia tochi. Mdogo wake alimwomba amwite fundi, yeye akasema waya ni waya, fundi wa nini. Mwaka mzima nimelala kitanda kimoja na mtu anayelijua hilo, na anajua kwamba nalijua. Umeelewa sasa kwa nini kwake lazima iwe radi? Isipokuwa radi, ni yeye. Simchukii. Ninamwona usoni anavyokonda. Lakini yuko tayari kumsimamisha mtoto wake pale ili awe na haki, na hapo ndipo nimefika mwisho.

Happy nimemwambia. Amesema, "Mama, baba hawezi kunifanyia hivyo." Anampenda baba yake.

Kesho nitatangulia. Wakishachomeka vyombo, kabla kwaya haijaingia, nitalishika hilo gita jipya kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono wa pili, wote wakiwa wanatazama. Kama ni radi, haitamdhuru mwenye jina lake. Kama ni waya, wataona. Usinililie. Mtu mzima huwa anaonja chakula kabla ya kumpa mtoto.

Esther Nkuba


Uyole,
28 Novemba 2024

Mjomba Kashindye,

Shikamoo. Naandika mimi Happy. Mama mikono yote miwili imefungwa bandeji, hawezi kushika kalamu. Yuko hai. Nimeona niseme hilo kwanza. Juliana ametuambia mmepata mtoto wa kike na mama yake hajambo. Hongereni sana. Mama alitabasamu, mara yake ya kwanza wiki hii.

Alifanya kama alivyokuandikia. Kanisa lilikuwa limejaa nusu. Siku hiyo hapakuwa na mvua, jua lilikuwa kali. Alipanda mbele na kanga yake, akashika nyuzi, halafu akashika maiki. Akapiga kelele, "Kali!" Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Mikono ikawa haiachii. Mimi nilisimama tu, mjomba. Baba ndiye aliyekimbia akauchomoa waya ukutani, na mama akamwangukia begani.

Hospitali wanasema moyo wake uko sawa. Vidole viwili vya kushoto bado hawajui.

Baba alikaa naye siku ya kwanza yote, analia. Nilidhani sasa yameisha. Jumatatu alienda kanisani akauchukua ule waya akauchoma nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kwa nini, akasema ulikuwa umechakaa. Ulikuwa mpya.

Jana wazee walikaa tena. Mzee Amos alisema radi ilirudi vile vile mjomba alivyoandika, na safari hii bila hata wingu. Walimuuliza baba kama waya ulikuwa na kasoro. Baba akasema haukuwa na kasoro yoyote, ameufunga mwenyewe. Niliingia nikataka kusema, akanitazama nikanyamaza. Nina aibu kwa hilo.

Lakini leo amekuwa mpole. Amemrudishia mama laini yake. Amenituma nikuandikie kwamba wazee wanataka kukushukuru kwa kuwaonya, uje wikiendi hii bila kukosa, na uje na lile gita. Amesema watakupokea stendi wao wenyewe, usihangaike kutafuta usafiri.

Nilimsomea mama barua hii kabla ya kuifunga. Hawezi kuandika, ila amenishika kwa bandeji na kuniambia niongeze maneno mawili, na niyaandike yeye akiwa anaona:

Usije, Nkuba.